Mtani Alipotaifisha Dawa ya Mama

Kila mwaka mikorosho inapoanza kuchanua, harufu ya salfa huingia mpaka kwenye nyumba ninayoishi sasa, pembeni mwa mji wa Masasi. Ni harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa na kuzimwa hapohapo. Wageni huziba pua. Sisi wenyeji tunavumilia, kwa kuwa bila unga ule wa njano ugonjwa wa ubwiri huyamaliza maua, na mkulima hubaki na miti ya kivuli tu. Walimu wenzangu wakiisikia harufu hiyo husema msimu umefika. Mimi huenda chumbani kwa mama kumtazama macho, halafu najicheka mwenyewe, maana salfa haikumfanya mama kitu chochote. Ilisingiziwa tu, na tulioisingizia ni sisi.

Utotoni tulikaa mlimani, katika kijiji kimoja upande wa Newala: baba, mama, bibi mzaa mama na mimi. Mama alikuwa na kifafa. Nautaja ugonjwa kwa jina lake kwa sababu utoto wangu wote watu waliuzunguka kwa maneno. Walisema "akipatwa", walisema "ile hali yake". Ulimwanza baada ya kunizaa, na shangazi zangu walipenda kunikumbusha jambo hilo kana kwamba nilipotoka niliacha mlango wazi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu lililoanzia kiwikoni mpaka kwenye vidole, kwa sababu siku moja aliangukia mafigani akipika kisamvu.

Tangu siku hiyo bibi alimkataza kukaa karibu na moto. Alimkataza pia kwenda kuchota maji peke yake, na akina mama wengine walikuwa wepesi kumpokonya mtoto aliyembeba, kwa tabasamu, wakisema wacha nikupumzishe. Mwanamke wa kijijini ukimnyima moto, maji na mtoto, umembakizia nini? Mama alibaki na ufagio. Uwanja wetu ulikuwa msafi kuliko yote kijijini, na mpaka leo nikiona uwanja uliofagiliwa mno najiuliza mwenye uwanja huo ana nini.

Kisha mganga wa zahanati akampa vidonge. Vilikuwa vidogo, vyeupe, vya kumeza kila jioni. Alimwonya baba mbele ya mama: "Asiache hata siku moja. Akiacha ghafla, ugonjwa utarudi kwa nguvu." Naomba nieleweke hapa. Yule mganga hakukosea; hivyo ndivyo dawa ile inavyotakiwa kumezwa, na imewanyanyua watu wengi ambao wangeishia motoni au visimani. Baba alivitia vidonge kwenye kopo la kakao, akaliweka juu ya boriti pale ambapo mimi nisingefika hata nikipanda kinu. Jioni alilishusha kwa mikono miwili, namna anavyoshusha msahafu.

Mama hakuanguka tena. Zikapita siku, tukawa tunamtazama kwa pembe za macho, hakuanguka. Jioni moja bibi akamwachia mwiko, akaenda kukaa mbali kidogo, tayari kuruka. Mama akatupikia ming'oko. Ming'oko ni mizizi ya porini, ya kuchemsha tu, hakuna ufundi wowote, lakini baba alikula akasifu chumvi, akasifu moto, akasifu sufuria. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akiwa mwenye nyumba.

Msimu wa kupulizia ulipoanza, alikwenda shambani na baba. Kazi ile hufanywa alfajiri, umande ukiwa bado uko juu ya majani ili unga ushike. Baba alibeba mashine mgongoni, mama akamimina salfa, na wakarudi wote wawili wa njano kuanzia kwenye nyusi mpaka miguuni, wakigombana kwa furaha juu ya nani aliyesahau mfuko wa pili. Macho yao yalikuwa mekundu. Ya jirani yetu yalikuwa mekundu. Msimu ule ukimkuta mtu mlimani ana macho meupe, ujue hana mkorosho.

Kwa hiyo mama alipoamka na homa, macho yamevimba na kuwasha, nani angeshtuka? Bibi alimgusa shingo akasema, "Salfa imemwingia." Baba akasema hivyohivyo. Dawa ya salfa kila mtu aliijua: kunywa maziwa, kupaka mafuta ya nazi, kukaa mbali na shamba. Ng'ombe kwetu hakuna, baba akanunua maziwa ya unga dukani. Mama alikunywa kikombe kimoja akakirudisha, akasema koo linamkwaruza.

Kesho yake midomo ilipasuka. Kisha yakatokea madoa kifuani, ya rangi ya zambarau iliyoiva, kama ya mtu aliyepigwa. Yalipanda shingoni yakashuka mgongoni, na katikati yake ngozi ikaanza kujaa maji. Bibi alimlaza juu ya majani ya mgomba ili shuka isimgande. Alipogeuzwa, kipande cha ngozi ya bega kilibaki kwenye jani, chembamba kama ganda la kitunguu. Mama hakulia. Alishusha pumzi kupitia puani, polepole, na bibi akaniambia nikachume jani jingine.

Nilimuuliza bibi kwa nini mama anabanduka. Alikuwa amechoka, na nadhani alitaka kunituliza. Alisema, "Ugonjwa wa ndani ukitokea nje, ujue unaaga."

Nililielewa jambo hilo kwa ukamilifu wote wa akili ya mtoto wa darasa la pili. Ugonjwa wa ndani ni kifafa, kimeshindwa na vidonge, sasa kinatoka kupitia kwenye ngozi, na kikimaliza kutoka tutabaki na mama mpya aliyekuwa chini yake. Nilifurahi sana. Naona haya kidogo kuandika neno hilo, lakini ndilo. Wakati watu wazima wananong'ona uani, mimi nilikuwa nakusanya vipande vya ngozi vilivyobaki kwenye majani, navifunga, napeleka kwenye mpaka wa shamba letu na kuvifukia mbali na nyumba ili kifafa kisijue njia ya kurudi. Nilikanyaga udongo vizuri juu yake. Nilikuwa mtoto mwenye bidii.

Jioni zote hizo baba alishusha kopo. Mama hakuweza tena kumeza kitu kigumu, kwa hiyo bibi alisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko akakichanganya kwenye uji. Ulikuwa unamchoma mdomoni, tuliona. Baba alimwambia, "Mama Zainabu, leo tupumzike. Utaendelea koo likipoa."

Mama alitikisa kichwa. Sauti ilikuwa imeshamkauka, lakini alisema, na mimi nilikuwa miguuni pake nikimpepea nzi: "Hata nikibabuka nwili nzima. Bora nisianguke."

Huo ndio uliokuwa msimamo wake, na baba aliuheshimu. Nimemfikiria mama mara nyingi katika jioni ile. Alikuwa amerudishiwa moto na maji, na alikuwa tayari kulipa kwa ngozi. Kitu ambacho hakuna aliyekijua nyumbani kwetu ni kwamba alikuwa analipa kwa uhai.

Sasa nimwingize Abiti Mbwana. Kwa Wayao "Abiti" ni "binti", ndivyo wanavyowaita wanawake wao wazima, na huyu alikuwa Myao aliyeolewa kijijini kwetu, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Sisi Wamakonde alitufanya watani wake, nyumba yetu kuliko zote. Alikuwa akipita mbele ya uwanja wetu anauliza kama leo tumeoga au tumejifuta umande, maana mlimani maji yalikuwa ya shida na yeye alizaliwa bondeni kwenye mito. Mama alikuwa akimjibu kwamba Wayao wanaoga sana kwa sababu wana mengi ya kuoshwa. Mtani ana haki zake. Anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu. Anaweza kuchukua kitu chako ukiwa unatazama, akakwambia ukikomboe, na ukikasirika aibu ni yako. Mtani hakamatwi mkono.

Alikuja mchana. Alikuwa amesikia kwamba mama kaguswa na salfa, hakuambiwa zaidi. Tulimsikia tangu nje: "Hodi, wenyewe wasiooga! Nasikia ntani wangu kapakwa manjano kama bibi harusi!"

Akainama mlangoni, akaingia, akamwona mama juu ya majani.

 Akafanya kile ambacho mtani hufanya mambo yakiwa mabaya: akatania zaidi. Alimuuliza bibi kama wamemchoma ntani wake wakidhani ni muhogo. Alimuuliza baba kama mahari ilikuwa ndogo mpaka ameamua kummenya mke. Sauti ilikuwa ileile ila macho yake yalikuwa yanazunguka chumbani, yakitafuta pa kutua mbali na uso wa mama, na yakatua juu ya boriti.

"Na kile nini mlichokiweka juu hivyo?"

"Dawa," baba akasema. "Dawa yake ile."

Abiti Mbwana alikuwa mrefu. Alinyoosha mkono, akalishusha kopo, akalitikisa sikioni. "Nakitaifisha," alisema.

"Abiti Mbwana, hicho acha," baba akasema, akijitahidi kucheka. "Chukua kuku. Wapo pale nje, chukua unayentaka."

"Kuku wenu wana kiu kama nyie. Kitu anachokificha Mmakonde juu ndicho chenye thamani. Mtakuja kukikomboa." Akalifunga kopo kwenye pindo la kanga na kutoka, na nje tulimsikia akiimba wimbo wa kumkejeli baba, sauti ikikatika katikati.

Mama alinyanyua mkono kuelekea mlangoni. Hakuwa na sauti ya kuita. Baba alisimama, akakaa. Ungemwambia mtu wa mahali pengine kwamba mwanaume alimwacha mwanamke aondoke na dawa ya mke wake kwa sababu ya mzaha, asingekuelewa. Lakini kumkimbiza mtani na kumnyang'anya kitu mkononi kulikuwa ni kutangaza kwamba mama anakufa. Ni kusema kwamba hali imepita mzaha. Baba hakuwa tayari kutangaza. Alisema atakwenda jioni na jogoo, watacheka, atarudi na kopo.

Jioni alikwenda na jogoo, akakuta mlango umefungwa. Kaka yake Abiti Mbwana alikuwa amefariki huko Nanganga, habari zimemfikia ghafla, na yeye alidandia gari la magunia lililokuwa likishuka Masasi, kanga ileile mwilini. Kopo lilikwenda msibani.

Mimi nilimchukia kwa moyo wangu wote. Kifafa kilikuwa kinatoka vizuri, nilikuwa nakifukia kila siku, na huyu mwanamke kaiba dawa kabla hakijamalizika. Nilimwambia bibi kwamba Abiti Mbwana ni mchawi. Bibi alinipiga kofi, si la nguvu.

Baba alikwenda zahanati kuomba vidonge vingine, akakuta mganga kasafiri kwenda wilayani na dirisha la dawa limefungwa. Ikapita jioni bila kidonge, ikapita nyingine. Asubuhi iliyofuata mama alianguka. Nasema alianguka kwa mazoea, alikuwa amelala. Mwili ulikakamaa ukaanza kutetemeka juu ya majani ya mgomba, na bibi hakujua amshike wapi, kwa sababu kila alipomshika ngozi ilimfuata mkononi. Nilimwona bibi akiinua viganja vyake na kuvitazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna mama mpya anayekuja.

Baba alikodi pikapu. Tulikwenda wote, maana hapakuwa na wa kuniachia. Tukiondoka kijijini nilisikia wanawake wawili wakisema bila kuficha: "Kauliwa na utani."

Kule Ndanda, kwenye hospitali ya misheni, walimpokea mama haraka kuliko nilivyotegemea, wakamweka chumba cha peke yake, chandarua kikiwa kimetandazwa juu ya vyuma vilivyopinda ili kisimguse. Daktari alikuwa dada mmoja mwembamba, kijana, wa kutoka bara, anayeongea taratibu. Alimtazama mama mdomoni, akamfunua kope kwa pamba yenye maji, akabonyeza ngozi ya mkono kwa kidole na ngozi ikateleza. Swali lake la kwanza halikuhusu salfa hata kidogo. Aliuliza, "Alikuwa anameza dawa gani?"

Baba akaeleza mpaka akafika kwenye kopo. Alisema mama alikuwa akiendelea vizuri na kifafa mpaka mtani wao alipochukua vidonge, na tangu hapo ndiyo mambo yameharibika. Alisema hajamkosea Mungu wala mtani.

"Alichukua lini?" daktari akauliza.

Baba akamwambia.

"Na tangu hapo hajameza?"

"Hajameza, daktari. Naomba nipewe vingine hata sasa."

Yule dada aliweka mkono begani kwa baba, jambo ambalo wanawake wa kwetu hawafanyi kwa mwanaume mgeni, na akamwambia kwamba ni ile dawa ndiyo inayombandua. Alisema imetokea kwa mama kwa sababu ya mwili wa mama. Katika watu wengi wanaoimeza ni wachache mno wanaopatwa na hili, na hakuna wa kujua mapema ni nani. Mwili unaikataa dawa, na katika kuikataa unajichoma kwa ndani, macho, mdomo, njia ya mkojo, ngozi yote. Alisema lazima alione kopo ili awe na uhakika ni dawa gani. Alisema pia, bila kupamba, kwamba mama anaweza asipone.

Kisha akaingia kumweleza mama mwenyewe. Nilikuwa barazani na sufuria zetu, dirisha likiwa juu ya kichwa changu, nikamsikia akirudia mara tatu kwa sauti kubwa kwamba hatapewa tena vidonge vile maishani mwake. Bibi alinisimulia baadaye kwamba mama aliitikia kwa kugeuza uso ukutani. Wakati wowote alipopata nguvu alionyesha mdomo kwa kidole, na bibi alijua hataki maji. Alikuwa anadai kidonge chake. Daktari aliahidi kwamba iko dawa nyingine ya kifafa, ya ukoo tofauti, ambayo ataanzishiwa. Mama alikuwa ameahidiwa mambo mengi. Vidonge vile vilikuwa kitu pekee katika ahadi zote kilichowahi kufanya kazi.

Ujumbe kwa Abiti Mbwana ulipita kwa konda wa basi mpaka msibani Nanganga, na kwa jinsi ujumbe unavyopita kwa makonda, ulifika umekatwa: mgonjwa yuko taabani, rudisha dawa.

Niseme kwanza yaliyotokea baadaye, kwa kuwa wasomaji wa umri wangu hupenda kujua kama mtu alipona. Mama alipona, kwa kiasi chake. Kucha zake zilidondoka zote zikaota upya zenye mifereji. Ngozi ilirudi ya rangi mbili, na katika harusi watoto wa watu bado humkodolea macho. Macho ndiyo yaliyoshindikana. Kope zake huota kuelekea ndani na kukwaruza, macho yenyewe hayana machozi, na mwanga wa mchana unamuumiza mpaka anatembea kanga imefunika paji la uso. Nyuso anazitambua akiwa karibu nazo. Dawa ya ukoo mwingine alipewa, na huanguka mara mojamoja, si kama zamani. Anapika. Mimi nilifundishwa jina la ile dawa ya kwanza kabla sijajua kuandika barua, na akienda kutibiwa popote, hata jino, mama hulitaja mapema kuliko shikamoo: fenobabitoni, mimi sipewi. Wahudumu wengine humcheka. Mimi siwachekei.

Lakini siku ile ambayo Abiti Mbwana alifika, hakuna kati ya haya lililokuwa limejulikana.

Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, kanga yake ya msiba ikiwa imefungwa kiunoni. Nilimwona kabla ya wengine, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno mabaya, lakini sura yake ilinizuia. Alikuwa amepungua. Alimpigia bibi magoti pale barazani, "Shikamoo, mama," na bibi akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijamsikia akituamkia bila kututukana.

Baba alimpeleka ndani, bibi akafuata, na mimi nikajibanza nyuma ya kanga ya bibi, hakuna aliyenikumbuka kunikataza. Abiti Mbwana alisimama mbele ya daktari na kuweka kopo mezani kwa mikono miwili.

"Hivi hapa. Sijapunguza hata kimoja," alisema. "Mimi ndiye niliyechukua. Nilifanya utani. Nilipomwona vile niliogopa, nikasema nikichukua kitu, nitakuwa na sababu ya kurudi, na wao watakuwa na sababu ya kunifuata, na atakuwa bado yuko. Basi. Kama kuna polisi, waitwe."

Daktari alifungua kopo, akageuza kidonge kimoja kwenye mwanga, akaitikia kwa kichwa kuthibitisha alichokuwa anafikiria. "Mama," alisema, "umemsaidia. Angeendelea kuvimeza, tusingekuwa tunaongea hapa. Kila kidonge ambacho hakukimeza ni afadhali."

Abiti Mbwana alimkazia macho. Niliona hasira ikipanda usoni mwake, hasira ya kweli.

"Usinitanie, mwanangu," alisema. "Mimi na wewe hatuna utani."

"Sitanii, mama."

"Nina nsiba wa kaka yangu. Ntani wangu huyo hapo yuko taabani kwa ajili yangu. Halafu unanishukuru? Kwenu mnatania hivyo?"

Baba alijaribu kumweleza, na alipoanza tu akageuza uso, na Abiti Mbwana alipoona hivyo akaamini kwamba wote tunamficha kitu, akaanza kujipiga kifuani polepole kwa ngumi. Daktari alitazama huku na huku. Sidhani kama masomo yao yana sura ya jambo lile.

Ndipo chandarua kikatikisika.

Mama alikuwa hajasema neno tangu tulipomfikisha. Midomo ilikuwa imefunikwa na gamba jeusi, macho yamefungwa kwa pamba, na sote tulikuwa tumezoea kuongea juu yake kama hayupo. Mkono wake wenye kovu, ambao sasa kovu lake halikuonekana tena, ulisogea ukaacha kuonyesha mdomo. Ulielekea upande wa sauti.

"Abiti Mbwana."

"Nipo, ntani wangu. Nipo."

Ilimchukua muda. Kila neno lilikuwa linapita mahali penye kidonda.

"Wayao hata kuiba hamjui," mama alisema. "Umeiba sumu, kuku ukaacha."

 Abiti Mbwana aliketi sakafuni palepale alipokuwa, kanga kaijaza mdomoni, mabega yanaruka, na sikuweza kujua kama analia au anacheka mpaka mama naye alipojaribu kucheka na mdomo wake ukachanika ukatoka damu. Daktari alitutoa nje wote.